Nukta Isipotee: Kujaribu Kurasa za Mfano za Daftari la Hati

Makala haya yanaangalia hatua ambayo hupuuzwa mara nyingi katika utungaji wa vitabu vya mazoezi ya hati: kuzijaribu kurasa za mfano zilizokwisha kuchapwa, kabla kitabu hakijatolewa kwa wingi. Mfano unaotumiwa ni daftari la kuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wanaokusudiwa ni watoto wa Magogoni, wadi ya eneo bunge la Kisauni, Mombasa. Watoto wengi huko husoma kwa herufi za Kirumi shuleni, kisha wakaenda chuoni wakashika herufi za Kiarabu. Herufi wanazo, ila ni nadra kufundishwa kuiandikia lugha yao wenyewe, ingawa tungo nyingi za Muyaka bin Haji zilihifadhiwa kwa hati hiyo kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdalla, aliyefariki mwaka 1890.

Kiini cha tatizo ni nukta. Kiarabu fasihi hakina sauti za p, ch wala v. Maandishi ya kale ya Kiswahili aghalabu yaliitumia ب kwa b na p pia, na ف kwa f na v; msomaji aliyeijua lugha alitambua mwenyewe. Baadaye pakazoeleka پ, چ na ڤ, na mwaka 1997 Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya kuiboresha hati hiyo. Sasa nukta tatu zikishikana kwa wino, pata husomeka bata, vaa huwa faa, na chana hugeuka jana. Hata Kimvita hudhurika: kuteka (yaani kucheka) na kuteka maji hutofautiana kwa t ambayo tahajia sanifu ya Kirumi haiionyeshi, lakini alama moja juu ya ت huweza kuitenganisha. Alama hiyo ikififia, faida yote imekwenda.

Kwa hiyo ukurasa wa mfano usihukumiwe kwenye kioo cha kompyuta. Na uchapwe kwa mashine ile ile na karatasi ile ile itakayotumika, kisha nakala itolewe nakala nyingine, maana chuo chenye fedha chache kitadurufu tu. Nakala ya tatu ndiyo shahidi wa kweli: hapo ukubwa wa herufi na upana wa nafasi baina ya nukta hupimwa.

Vitabu vya herufi za Kirumi humpa mtoto herufi ya vitone aifuatishe kwa penseli. Mtindo huo ukihamishwa kama ulivyo, huleta mkanganyiko, kwani mtoto hajui kitone kipi ni cha kufuatisha na kipi ni nukta ya herufi. Mstari wa kijivu ungefaa zaidi, lakini mashine duni huufanya kijivu kuwa madoadoa, na tatizo likarudi lilikotoka. Pengine dawa ni herufi yenye mzingo mtupu ndani, mtoto apitishe penseli katikati. Nukta zenyewe zibaki nyeusi.

Jambo jingine haligunduliki mpaka mtoto akae na kuandika. Katika Kirumi, herufi ya mfano huwekwa kushoto, na mkono wa kulia huiacha wazi. Hati ya Kiarabu huanzia kulia. Mfano ukiwekwa mwanzo wa mstari, kiganja cha mwandishi huufunika, naye huanza kuiga kosa lake mwenyewe alilotoka kuliandika. Basi mfano uwe juu ya mstari, au urudiwe upande wa kushoto. Wenye kutumia mkono wa kushoto nao wajaribiwe mbali, kwani kwao hali ni kinyume.

Jalada lifungwe kulia. Na majaribio yafanyiwe pale mtoto anapoandikia hasa: mkekani, daftari likiwa juu ya goti, si mezani kwa mchapishaji.