Oksijeni Inakaaje Kwenye Damu?

Vijana wengi mnajua kwamba kulala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni hatari. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa, "Mkaa unamaliza hewa." Hiyo ni nusu tu ya ukweli. Oksijeni inaweza kuwa bado ipo chumbani, ila damu yako haina tena nafasi ya kuibeba. Ili uelewe, hebu tuone kwanza oksijeni inavyoshikwa na damu, na wataalamu wamejuaje, maana kwa macho haionekani.

Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna protini iitwayo himoglobini. Kila himoglobini ina viti vinne. Kiti hicho kinaitwa himu, na katikati yake kuna atomu moja ya chuma, madini yale yale unayoyapata kwenye maharage na maini. Kila chuma hubeba molekuli moja ya oksijeni.

Sasa, molekuli ya oksijeni ni atomu mbili. Zifikirie kama mipira miwili iliyounganishwa kwa springi. Haitulii, inatetemeka muda wote. Springi ikikaza, mtetemo ni wa haraka. Ikilegea, au mipira ikiwa mizito, unakuwa wa polepole. Wapiga gitaa mnalijua hili: waya mnene hutoa sauti nzito.

Mtetemo huo hupimwa kwa mwanga. Njia moja ni mwanga wa infraredi, usioonekana: molekuli hunyonya ule unaolingana na mtetemo wake. Njia nyingine aliigundua C. V. Raman wa India mwaka 1928, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Unamulika kitu kwa mwanga wa rangi moja, na sehemu ndogo sana inarudi ikiwa imebadilika rangi. Tofauti hiyo ndiyo inayokuambia mtetemo ni upi.

Kipimo chake ni idadi ya mawimbi katika sentimita moja. Oksijeni ya hewani ni kama 1556. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walipima kwa infraredi oksijeni iliyokaa kwenye himoglobini, wakapata 1107. Kumbe springi imelegea sana! Lakini je, walijuaje kwamba ni oksijeni, siyo kipande kingine cha protini? Walitumia oksijeni nzito, yenye uzito wa 18 badala ya 16. Namba ikashuka hadi karibu 1065, kama inavyotakiwa mipira ikiongezwa uzito. Mimi naona hapo ndipo penye utamu wa kazi hii.

Kulegea huko kunaonyesha kwamba chuma kimeiazima oksijeni elektroni. Joseph Weiss alikuwa amelisema hilo mwaka 1964, na Linus Pauling, bingwa wa kemia, akampinga. Oksijeni yenye elektroni moja ya ziada hutetemeka kati ya 1100 na 1150, kwa hiyo 1107 ilimpa Weiss nguvu. Ni mkopo kweli: oksijeni ikishuka kwenye misuli, elektroni hubaki kwa chuma. Ikiondoka nayo, chuma hicho hakibebi oksijeni tena mpaka mwili ukirekebishe.

Turudi kwenye jiko. Mkaa usioungua vizuri hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Nayo hukaa kwenye chuma kile kile, na mtetemo wake hushuka kutoka 2143 hadi 1951. Himu ikiwa peke yake huipenda kaboni monoksidi mara 20,000 kuliko oksijeni. Ndani ya himoglobini, protini huisaidia oksijeni kwa kuivuta kwa hidrojeni, na upendeleo unapungua hadi kama mara 200. Bado ni mwingi mno. Kiasi kidogo tu chumbani kinatosha kujaza viti.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ukimkuta mwenzio hivyo, mtoe nje haraka, mpeleke hospitali apewe oksijeni. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 hadi 6; akipewa oksijeni tupu, kama saa moja. Na mwambie muuguzi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Kile kifaa cha kubana kidoleni kwa kawaida hakitofautishi hewa hizi mbili, kinaweza kuonyesha namba nzuri tu wakati mgonjwa anakata roho.