Umande wa Pwani na Upepo wa Ziwani: Lugha ya Kutabiri Dhoruba za Radi katika Ziwa Victoria

Makala haya yanachunguza jinsi dhoruba za radi zinavyozaliwa na kutabiriwa katika Ziwa Victoria, pamoja na swali la kiistilahi linalotokana na kazi hiyo: je, Kiswahili, kilichorithi majina ya pepo kutoka Bahari ya Hindi, kinaweza kumwonya mvuvi wa Ghuba la Winam bila kumpotosha?

Awasi, kituo cha biashara katika uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu, ni mahali pafaapo kuanzia. Magharibi liko ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Upande wa pili imeinuka miinuko ya Nandi na Kericho. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupaa, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huja kushika nafasi yake. Inapokutana na pepo za mashariki karibu na miinuko, hulazimika kupanda. Mawingu hurundikana na alasiri radi huanza. Ndiyo maana wakulima wa chai wa Kericho wanaifahamu mno mvua ya mawe. Mara nyingi mawingu hayo husukumwa magharibi, yakapita juu ya Awasi na Ahero kuelekea ziwani.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake. Hewa ya kandokando hushuka majini kutoka pande zote, hukutana, na kupandishwa na joto na mvuke. Hivyo dhoruba kali za ziwani hutokea zaidi kati ya usiku wa manane na asubuhi, yaani saa zile zile ambazo wavuvi wa omena wamo majini na taa zao. Makadirio yanayonukuliwa mara kwa mara huweka vifo vya ziwani kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Hata kama yamezidi, nusu yake ingetosha kuwa msiba.

Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walionyesha kwamba, iwapo gesi joto zitaendelea kuongezeka sana, dhoruba ya aina inayotokea mara moja katika miaka 15 yaweza kutokea karibu kila mwaka ifikapo mwisho wa karne hii. Mwaka 2017 walionyesha pia, kwa data za setilaiti, kwamba dhoruba za alasiri katika nchi kavu ni dalili ya dhoruba za usiku ziwani. Kwa hiyo wingu la Nandi lionekanalo Awasi jioni si habari ya Awasi peke yake. Mwaka huo huo mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulianza kuzisaidia idara za hali ya hewa za kanda hii kutoa utabiri wa ziwa kwa pamoja.

Utabiri, hata hivyo, humfikia mvuvi kwa maneno. Pwani, upepo wa usiku utokao nchi kavu huitwa umande, nao huvuma kutoka magharibi. Upepo wa asubuhi utokao mashariki baharini ni matlai. Kisumu dira imepinduka: nchi kavu iko mashariki na maji yako magharibi. Mwenye kutumia matlai huko atataja mwelekeo sahihi wa upepo wa usiku, lakini atamfanya msikilizaji adhani unatoka majini. Afadhali kusema wazi: upepo wa nchi kavu, upepo wa ziwani. Aidha, umeme ni mwanga, ngurumo ni sauti, na radi ndiyo ipigayo. Tangazo lisemalo "ngurumo" tu limetaja lile lisiloua.

Hatari kubwa zaidi imo katika saa. Mfasiri anayenakili tarakimu ya saa kutoka Kiingereza na kuandika "saa 3 usiku" badala ya "saa 9 usiku" amekosea kwa saa sita. Mvuvi mtiifu atangoja ufuoni, ataona saa 3 imepita kwa utulivu, kisha atasukuma mtumbwi majini dhoruba ikiwa bado njiani.