Somo la Robo Hii: Je, Wanafunzi Wetu Wameridhika?



Usharika unapomlipia ada kijana kutoka Mollo akajifunze ushoni au uashi, nyuma ya fedha ile kuna magunia ya mahindi ya wazazi na sadaka za washarika. Kwa hiyo mfadhili akiuliza, "Wanafunzi wameridhika na chuo?", ana haki ya kujibiwa. Shida ni namna tunavyolitafuta jibu.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama kile cha Chala wilayani Nkasi, vilianza mwaka 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden. Vililenga mtu mzima ajifunze kinachomfaa maishani. Mtu wa namna hiyo anajua kinachomsaidia, mradi aulizwe vizuri.

Niliwahi kusimamia dodoso katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja. Wanafunzi waliweka alama ya vema kati ya "sijaridhika kabisa" na "nimeridhika sana", mtindo ulioletwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932. Karibu wote walichagua "nimeridhika sana". Nikaandika taarifa nzuri. Kumbe mwalimu wao ndiye aliyekusanya karatasi, tena tulikuwa tumeacha nafasi ya jina! Likizo ilipokwisha, baadhi ya hao walioridhika sana hawakurudi. Mmoja nilimkuta sokoni anauza maharage. Alinisalimu vizuri, kisha akasema, "Mama, cherehani tulikuwa tunaishika mara moja kwa wiki. Nikaona namtia baba hasara."

Dodoso langu halikuwa na swali la cherehani.

Tangu hapo naulizia mambo yanayohesabika. Wiki iliyopita ulishika cherehani siku ngapi? Mwalimu alikosa vipindi vingapi? Mlango wa bweni la wasichana una komeo? Siku hizi vyuo hivi hupokea pia mabinti waliokatishwa masomo kwa ujauzito, kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho. Hao waulizwe nani anabaki na mtoto wakati wa kipindi.

Mwulizaji asiwe mwalimu wao wala mkuu wa chuo. Karatasi zisiwe na majina, ziingie kwenye sanduku lenye kufuli. Fani ikiwa na wanafunzi wanne tu, kuficha jina hakusaidii, kwa maana mwandiko unajulikana. Changanyeni majibu ya fani mbili. Asiyesoma vizuri aulizwe kwa mdomo, faraghani.

Hata hivyo kuridhika si kila kitu. Donald Kirkpatrick, mwaka 1959, alikuweka kuwa hatua ya kwanza tu kati ya nne: kuridhika, kujifunza, kutumia ulichojifunza, na matokeo yake. Mwalimu mkali anaweza kupata alama ndogo na bado akatoa mafundi wazuri. Ndiyo maana majibu yasomwe pamoja na daftari la mahudhurio na orodha ya walioacha.

Halafu turudi kwa wanafunzi tuwaambie: hili tumelisikia na tutalirekebisha, lile halina fedha mwaka huu. Tusipofanya hivyo, dodoso lijalo watalijaza bila kulisoma.

Kila kamati inaombwa kuleta kwenye kikao kijacho orodha ya vijana iliowalipia ada, pamoja na waliorudi nyumbani kabla ya kumaliza. Tutaanza kuwatembelea hao waliorudi.