Kifo cha Ghafla, Maradhi ya Miaka: Kipimo Kinachoona Moto Ndani ya Mshipa



Ndugu zangu, mwaka jana tulimzika baba yangu mdogo. Aliswali Isha msikitini, akarudi nyumbani akilalamika kuwa kifua kinambana, na kabla ya Alfajiri alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Matangani kila mtu alisema: "Ghafla tu." Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, si udaktari, lakini neno hilo lilinikaa. Niliporudi chuoni nilimuuliza ndugu yetu mmoja wa kitivo cha tiba: je, ilikuwa ghafla kweli? Majibu yake, na niliyoyasoma baadaye, ndiyo somo letu la leo.

Moto usioonekana

Wengi tunadhani mshtuko wa moyo huja kama bomba linavyoziba: mafuta yanajaa kidogo kidogo mpaka damu haipiti. Mara nyingi sivyo. Kolesteroli hujipenyeza ndani ya ukuta wa ateri, na chembe nyeupe za damu ziitwazo makrofeji huja kuila. Hapo ukuta huwa kama kidonda kinachowaka kwa ndani, hali ambayo madaktari huiita inflamesheni. Utando mwembamba unaofunika mafuta hayo hulika, na siku unapopasuka damu huganda juu yake na njia hufungwa. Ndiyo maana hata mshipa ambao haukuwa umebanwa sana unaweza kuua. Kupasuka ni kwa ghafla, lakini moto umewaka miaka mingi.

Sukari inayotoa habari

Picha ya kawaida ya mishipa huonyesha upana wa njia ya damu. Tiba ya nyuklia huuliza swali jingine: wapi panawaka? Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa kadhaa, kisha hudungwa FDG, yaani sukari iliyounganishwa na florini-18 yenye mionzi. Makrofeji zilizo kazini hutumia sukari nyingi, hivyo huipokea FDG, lakini haziwezi kuisaga mpaka mwisho, nayo hunasa ndani yao. Baada ya saa moja hadi mbili mgonjwa hulazwa katika mashine ya PET, ambayo hupokea mionzi inayotoka mwilini na kuchora picha. Penye moto hung'aa.

Mwaka 2002 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliwapima wagonjwa 8 wenye dalili za kiharusi. Ateri ya shingo iliyoleta dalili ilichukua FDG zaidi kuliko ile ya upande wa pili. Mwaka 2013, watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha uchunguzi wa picha za watu 513. Baadaye 44 kati yao walipata maradhi ya moyo au mishipa, na mng'ao wa ateri ulisaidia kubashiri hatari kuliko hesabu ya kawaida peke yake.

Kipimo kina mipaka. Msuli wa moyo wenyewe hutumia sukari, hivyo mng'ao wake hufunika mishipa midogo inayoulisha. Tena kina mionzi na ni ghali. Kwa hiyo hakitumiki kumpima kila mtu hatari ya moyo. Kwa kazi hiyo bado ni chombo cha utafiti zaidi.

Swali la swaumu

Je, aliyefunga akidungwa FDG swaumu yake inabatilika, maana ni sukari? Mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah, lilipitisha kuwa sindano za tiba, hata za mshipani, hazifunguzi, isipokuwa zile za lishe. FDG inayodungwa ni kiasi kidogo mno, na mwili hauigeuzi kuwa chakula. Kwa ufahamu wangu haiingii katika lishe. Hata hivyo, aliye na tatizo hili amuulize mwanachuoni wake pamoja na daktari wake.

Dakika 110

Nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Tuseme dawa imetengenezwa Nairobi, ikapakiwa kwenye basi la kuja huku Mbale kwa saa 10: itafika ikiwa na chini ya asilimia 3 ya nguvu yake. Kwa hiyo kipimo hiki huhitaji kiwanda cha dawa kilicho karibu. Wengi wetu hatutakiona karibuni.

Basi tufanye nini?

Nilimsihi baba yangu mzazi aende kupimwa presha. Akanijibu, "Mwanangu, kila nafsi na siku yake."

Nikamwambia, "Ni kweli, baba. Lakini yule bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee."

Alinyamaza siku mbili, kisha akaenda. Presha ilikuwa juu, na sasa anatumia dawa.

Tuchukue haya:

1. Presha, sukari na kolesteroli hupimwa bila mashine ya PET. Tuwapeleke wazazi wetu, na sisi wenyewe tupime.

2. Sigara huunguza kuta za mishipa. Anayevuta kwa siri nyuma ya hosteli ajue hilo.

3. Tuchunge hasira na msongo. Mwaka 2017 watafiti wa Boston, wakitumia FDG kwa watu 293, waliona kuwa ambao amigdala yao, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, ilifanya kazi zaidi, walikuwa na inflamesheni zaidi katika ateri na walipata maradhi ya moyo zaidi. Huo ni uhusiano tu, si uthibitisho wa mwisho. Lakini sisi tulishausiwa na Mtume wetu (s.a.w.) tusighadhibike.

4. Kifua kikibana, tusisubiri asubuhi.

Siku ya baba mdogo ilikuwa imeandikwa, na tumeridhika. Ila kuchukua sababu nako tumeamrishwa. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na maiti wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.