Peugeot 504 au Datsun 160J? Jibu kwa J.M. wa Nakivale

Mwanangu J.M., barua yako nimeisoma yote. Unataka kulisha watoto kwa jasho lako, na hilo ni jema. Kikundi chenu cha akiba pale Base Camp, Nakivale, kimekubali kukukopesha, na Mbarara umeonyeshwa magari mawili: Peugeot 504 steshenwageni ya 1979 na Datsun Violet 160J ya 1980. Utabeba abiria na magunia ya maharagwe. Mjomba wako anaapa kwa Datsun kwa sababu ya mbio za magari za Safari Rally.

Sifa anazozisema mjomba

Mjomba hakudanganyi. Violet ilishinda Safari miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikimbilia Kenya mwaka 1972. Lakini 504 nayo ilishinda 1975 na 1978. Magari yale yaliandaliwa kwa mashindano, na mafundi waliyafuata njia nzima wakiwa na spea. Wewe ukiharibikiwa usiku kabla ya kufika Mbarara, nani atakufuata? Sifa haijazi tangi.

Mzigo na barabara

Datsun ina injini ya cc 1,595. Ni nyepesi, lakini ni saluni ya watu watano. Magunia utayaweka wapi? 504 ya petroli ya cc 1,971 ina nguvu zaidi. Steshenwageni yake ina ekseli nzima nyuma, yenye springi nne za koili, na ile ya familia ina safu tatu za viti. Kwa mzigo kwenye murramu, 504 ndiyo inayofaa.

Hatari

Sasa nisikilize vizuri. Zote mbili zimevuka miaka 40. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo magari ya aina hiyo ya kung'olewa spea hayaongezeki. Gari likilala gereji wiki mbili kwa kungoja gasketi, mkopo haulali. Na fedha ile ni ya wenzako waliojinyima. Ukishindwa kurejesha, utapoteza gari na majirani kwa pamoja.

Fanya hivi

Datsun iache. Hiyo 504 nayo usiilipie kabla ya mambo manne: fundi asiyejuana na muuzaji akague kutu na chasisi, upate duka lenye spea zake, logibuku iwe na jina la anayekuuzia, na ujue gharama za bima na kibali cha kubeba abiria. Likikosekana hata moja, nunua Toyota ya kawaida ambayo kila fundi wa Mbarara anaifungua. Mjomba akinung'unika, msomee barua hii, kisha nendeni wote kwa fundi kabla shilingi moja haijatoka.