Kabla ya Kununua Waya, Piga Picha Tundu



Leo dada yenu anaanza na ombi. Ukitumwa kununua waya wa kompyuta, usitoke hivi hivi. Toa simu, piga picha tundu la kompyuta yako, kisha piga picha tundu la kile unachotaka kuiunganisha nacho, iwe projekta, printa au runinga. Picha mbili tu. Muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue akiziona anajua la kukupa. Ukimwambia "nataka waya wa kompyuta", mtabahatisha nyote wawili na nauli ya kurudi kubadilisha itakuwa yako.

Nawasemesha hasa ninyi wasichana. Nawaona vyuoni na maofisini, slaidi ziko tayari, kazi nzuri imefanyika, lakini mmekaa mnamsubiri kaka fulani aje achomeke waya. Jambo hili linaniuma, kwa sababu si kazi ngumu. Matundu yenyewe ni machache, na anayeyajua hasubiri mtu.

Tuanze na projekta, maana huko ndiko watu wanakoaibika. Kwenye kumbi nyingi mtakuta VGA. Kichwa chake ni kipana, mara nyingi cha buluu, kina pini 15 kwa safu tatu na skrubu mbili pembeni. Kilitoka IBM mwaka 1987 na bado kinatumika. Mwenzake ni HDMI, kichwa bapa kilichokatwa pembe mbili za chini. Tofauti yao kubwa si umbo. HDMI hubeba picha na sauti pamoja, VGA hubeba picha peke yake. Kwa hiyo kama wasilisho lako lina video na ukumbi una VGA, andaa waya wa sauti wa kutoka tundu la visikizi kwenda kwenye spika. Usipouandaa, watu watatazama midomo ikichezacheza bila kusikia neno.

Sasa, kompyuta yako ikiwa na HDMI na projekta ikiwa na VGA, unahitaji adapta. Hapa wengi huliwa pesa. VGA hupeleka mawimbi ya analojia, HDMI hupeleka dijitali, kwa hiyo ndani ya adapta lazima kuwe na saketi ya kugeuza, na saketi hiyo hugeuza kwa upande mmoja tu. Iliyotengenezwa kutoa picha kwenye HDMI kwenda VGA haitafanya kazi kinyume chake, hata kama vichwa vyote vinaingia vizuri. Muuzaji mwambie kwa mpangilio huu: "Picha inatoka kwenye kompyuta yenye HDMI, inakwenda kwenye projekta yenye VGA." Na ukishachomeka, ukuta ukabaki mtupu, usiuchomoe waya kwanza. Kwenye kompyuta za Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague picha ionekane kote kuwili.

Wale mnaonunua kompyuta za mezani zilizotumika, zile zinazoletwa kutoka Ulaya, mtakutana na DisplayPort. Inafanana sana na HDMI, ila imekatwa pembe moja tu. Nyingi ya nyaya zake zina kibano kidogo, kwa hiyo bonyeza kabla ya kuvuta. Ukivuta kwa nguvu unang'oa tundu, na tundu la kadi ya picha si rahisi kulitengeneza.

Haya, tuje kwenye USB, maana ndilo ninalotaka mlielewe kuliko yote leo.

USB ilianza mwaka 1996, na ile bapa ya flashi na kipanya, USB-A, kila mtu anaijua. Ile ya mraba nyuma ya printa ni USB-B. Kisha mwaka 2014 ikaja USB-C, ile ndogo ya mviringo isiyo na juu wala chini, ambayo dukani mtaisikia ikiitwa Taipu C. Umoja wa Ulaya umeifanya kuwa lazima kwa simu zinazouzwa huko tangu tarehe 28 Desemba 2024. Ni tundu zuri, nalipenda. Lakini lina mtego: umbo lake halikuambii uwezo wake. Nyaya mbili za USB-C zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikapitisha umeme, mafaili na picha, nyingine ikaweza kuchaji simu na kuhamisha mafaili kwa kujikokota.

Chukua kasi kwanza. Nyaya nyingi zinazokuja na simu ni za USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde kwa kiwango cha juu kabisa. USB 3.0 iliyokuja mwaka 2008 hufika gigabiti 5, zaidi ya mara kumi. Ukihamisha video za harusi kwenda kwenye diski ya nje na saa nzima inapita, tuhumu waya kabla hujailaumu diski. Ziko pia nyaya za bei ya chini, hasa zile zinazokuja na taa na spika ndogo, ambazo ndani zina nyuzi za umeme tu. Simu inachaji, kompyuta haiioni.

Umeme nao una ngazi zake. Waya wa kawaida wa USB-C huishia wati 60. Zaidi ya hapo waya lazima uwe na chipu ndogo ndani, na uwezo wake kwa kawaida huandikwa, wati 100 au 240. Ukiwa na kompyuta inayotaka wati 100 na waya wa 60, itachaji polepole, au betri itashuka huku umechomeka.

Na picha? Si kila tundu la USB-C kwenye kompyuta hutoa picha. Angalia alama pembeni yake: herufi D na P zilizoshikana, au radi ndogo ya Thunderbolt, hizo zinakupa matumaini. Pasipo na alama, tafuta maelezo ya modeli yako kabla ya kununua adapta ya kwenda HDMI. Kama tundu halina uwezo huo, adapta ya kawaida haiwezi kuuleta.

Kuhusu waya wa mtandao sina mengi: kichwa cha RJ45 kina pini 8. Usichomeke kile kidogo cha simu ya mezani humo kwa sababu tu kinaingia.

Ninachokiogopa kweli ni chaja za kompyuta zenye ncha ya duara. Hapo kuingia hakumaanishi kufaa, na kosa linaua mashine. Geuza chaja yako ya zamani usome kibandiko. Ikiandikwa volti 19 na ampea 3.42, mpya iwe volti 19 hizo hizo, na ampea 3.42 au zaidi. Volti usizipandishe wala usizishushe. Ampea zikizidi hakuna neno, kompyuta huchukua inachohitaji. Zikipungua, chaja inapata moto. Tazama pia kale kamchoro ka duara kenye alama za kujumlisha na kutoa. Zikae vilevile kwenye zote mbili. Kibandiko kikiwa kimefutika, pindua kompyuta, soma modeli na volti zilizoandikwa chini yake, zipige picha, uende nazo dukani.