KITOVU CHA NJIA YA MAZIWA NA JUA LETU

Katika miezi ya kiangazi, usiku usio na mwezi, watu wa Dirma na wa nchi yote ya Mbulu na Hanang huona mkanda mweupe uliopita mbinguni toka upande mmoja hata upande wa pili. Vitabu huuita Njia ya Maziwa. Katikati ya Agosti, yapata saa tatu ya usiku, tazama juu, kuelekea kusini kidogo. Karibu na mkia wa nyota za Nge, mkanda huo ni mpana na mng'avu kuliko penginepo. Huko ndiko kiliko kitovu chake.

Habari za kitovu hicho zimewatia watu wengi hofu. Mwaka 2012 uvumi ulienea katika nchi nyingi ya kwamba tarehe 21 Desemba jua litasimama mbele ya kitovu, na dunia itaharibika. Wengine husema ya kuwa huko kuna tundu jeusi litakalotumeza. Mwalimu akiulizwa mambo haya, yampasa ajue la kujibu. Basi na tujifunze kwa taratibu.

1. Kitovu ni nini?

Njia ya Maziwa ni kundi kubwa la nyota, ndiyo galaksi yetu, na jua ni nyota moja tu kati ya hizo. Umbo lake ni bapa kama ungo. Zamani wataalamu walidhani ya kwamba jua li katikati. Lakini mwaka 1918 Harlow Shapley wa Marekani alionyesha kwamba tuko mbali na katikati. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kila sekunde. Kutoka juani hutufikia kwa muda wa dakika 8 hivi, lakini kutoka kitovuni husafiri karibu miaka 27,000.

Mavumbi mengi yamekaa kati yetu na kitovu, hata macho hayawezi kukiona. Ndiyo maana wataalamu hutumia mawimbi ya redio, joto la nyota, na miali ya eksirei. Miali hii huzuiwa na hewa yetu, hivyo chombo cha kuipokea hakina budi kupelekwa juu ya hewa. Na hapo Afrika ya Mashariki ina sehemu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kikaitwa Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza kilichotengenezwa makusudi kwa kuchunguza eksirei za mbinguni. Kiliandika mahali 339 panapotoka miali hiyo, na upande wa kitovu ni mmoja wapo.

Baadaye Reinhard Genzel na Andrea Ghez, pamoja na wenzao, walizifuata kwa miaka mingi nyota zilizo karibu kabisa na kitovu. Moja yazo hukizunguka kwa miaka 16 hivi. Kwa mwendo wake walijua ya kuwa katikati pana kitu kizito mfano wa jua 4,000,000 zilizokusanywa mahali padogo, wala hakionekani. Ndicho kiitwacho tundu jeusi. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2020.

2. Je, tundu hilo ndilo litushikalo?

Sivyo. Jua huzunguka kitovu kwa mwendo wa kilomita 230 hivi kila sekunde, na mzunguko mmoja huchukua zaidi ya miaka 200,000,000. Lakini kinachovuta jua ni uzito wote ulio ndani ya njia yake: nyota, mavumbi, na vitu visivyoonekana, jumla yake ni mfano wa jua 100,000,000,000 hivi. Katika jumla hiyo tundu jeusi halifiki hata sehemu moja katika 20,000. Lingeondolewa leo, jua lingeendelea na njia yake karibu vilevile. Wala tundu jeusi halifyonzi vitu kutoka mbali. Huvuta kama kitu kingine chochote chenye uzito uleule.

3. Mvuto huo watufanyia nini?

Mwaka 2020 wataalamu wa chombo kiitwacho Gaia walitangaza kipimo chake: kwa mwaka mzima mwendo wa jua hubadilika kwa milimita 7 tu kwa sekunde. Mvuto wa jua juu ya dunia ni mkubwa kuliko huo mara zaidi ya 20,000,000. Tena galaksi huvuta jua na sayari zake zote pamoja. Ni kama yangeyange juu ya mgongo wa ng'ombe: ng'ombe akienda, ndege huenda naye, wala hawatupwi chini.

Lakini mbali sana, pembeni mwa milki ya jua, wataalamu wanasadiki kuna vipande vingi vya barafu ambavyo jua huvishika kwa udhaifu. Huko mvuto wa galaksi, hasa wa lile tabaka lake bapa, waweza kubadili njia zao polepole kwa mamilioni ya miaka, hata vingine hushuka kwetu vikawa nyota zenye mkia.

4. Na ule uvumi wa Desemba?

Kila mwaka, yapata tarehe 18 Desemba, jua huonekana upande wa kitovu. Imekuwa hivyo katika maisha yetu na ya babu zetu, nasi tumepanda na kuvuna. Tarehe 21 Desemba 2012 nayo ilipita kama siku nyingine. Basi mtu akija na hofu hiyo, usimcheke. Mhesabie Desemba zote alizoziishi.

MASWALI

1. Kwa nini macho hayawezi kuona kitovu?
2. Ni nini hasa kishikacho jua katika njia yake?
3. Mfano wa yangeyange wafundisha nini?
4. Utamjibuje aogopaye tundu jeusi?